Tupeane uzoefu: ukipewa nafasi ya kubadili jambo moja hospitalini, ungeanza na lipi?

Mtoto wa Mama:
Wakuu, salaam. Juzi nilimpeleka mama hospitali ya mkoa (jina naliacha, sikuja kumchongea mtu). Ana presha na sukari, mwaka wa tisa huu yuko kwenye dawa. Rufaa ya kutoka kituo cha afya alikuwa ameikunja mara nne, kaifunga kwenye pindo la kanga. Daktari kaisoma, kaandika vipimo vyote upya, hata vile vya siku tatu nyuma, maana majibu ya kule hayaonekani kwenye mfumo wa huku. Basi ikaanza safari. Mapokezi, dirisha la namba ya malipo, lipa kwa simu, rudi uonyeshe ujumbe, nenda maabara, maabara wanataka risiti yenye mhuri, rudi tena. Nilihesabu madirisha saba. Mama magoti yake mabovu, na kila kituo kuna benchi lisilo na egemeo. Saa tisa alasiri ndipo tukafika dirisha la dawa: kati ya dawa nne, mbili hakuna. Tukavuka barabara tukazipata duka la kwanza tu.

Nikajiuliza, hivi kwa nini mgonjwa ndiye tarishi? Faili abebe yeye, risiti yeye, majibu yeye. Mimi ningeanza hapo: karatasi zitembee, mgonjwa akae. Kilichopimwa kituo cha afya kisomeke mkoani, na cha mkoani kisomeke Muhimbili.

Leteni yenu. Sharti ni moja, iwe umeiona kwa macho yako, siyo ya kuhadithiwa. Siasa tuziache mlangoni.

Mama Pacha:
Tunaambiwa kujifungua ni bure. Mimi mwezi wa nane kliniki nilipewa orodha: glovu, pamba, uzi, wembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika. Nikanunua seti moja. Siku ya siku wakatoka wawili! Mume wangu usiku ule kazunguka na bodaboda kutafuta kibanio cha pili. Sasa hivi tunacheka, siku ile sikucheka. Langu: kama ni bure iwe bure, na kama siyo bure mtuambie bei mapema tuweke akiba.

Sista wa Zamu:
Nimesoma nikaumia, ila acheni niwaonyeshe upande wa pili wa dirisha. Ni muuguzi, mwaka wa 11 kazini. Kuna usiku wodi ya wazazi niko peke yangu, wawili wanasukuma kwa wakati mmoja na wa tatu anatoka damu. Mkituona tunafoka, si haki yenu kufokewa, lakini mjue kimetangulia nini.

Kuhusu dawa. Kituo kinaagiza Bohari ya Dawa ya serikali, mzigo unakuja pungufu. Kilichokosekana tunatakiwa tukatafute kwingine kwa makusanyo ya kituo. Makusanyo yanatoka kwa nani? Kwa wanaolipa. Na wengi wanaokuja kwetu ni wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wasio na uwezo, wote wana msamaha. Msamaha umeandikwa kwenye sera, hela ya kuufidia haiji kwa kasi ya wagonjwa. Ndiyo maana Mama Pacha anaambiwa aje na glovu. Mwaka 2001 pale Abuja wakuu wa nchi za Afrika waliahidi 15% ya bajeti iende kwenye afya. Mimi ningeanza na ahadi hiyo. Ikitimia, hata mfumo wa karatasi zinazotembea utanunulika.

Mtoto wa Mama:
Dada, asante. Hilo la msamaha kulipiwa na mgonjwa wa dirisha la pili sikuwahi kulifikiria.

Mzee wa Reli:
Vijana, hamjambo. Mimi nimetibiwa bure kuanzia utoto. Mwaka 1977 hapa Tanzania hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku, zikarudishwa 1991, na 1993 ndipo tukaanza kuchangia gharama. Sitaki kuwadanganya kwamba zamani ilikuwa pepo. Miaka ya themanini ulipewa cheti, dawa ukaitafute kwa Mungu. Ila hukuwa unaombwa kuthibitisha umasikini wako. Leo mzee wa miaka 60 asiye na uwezo anatibiwa bila malipo, lakini anaanza kwa mtendaji kuchukua barua, kisha ustawi wa jamii, kisha apigwe picha. Mimi nilienda mara tatu. Mara ya tatu mtendaji alikuwa msibani. Kitambulisho changu cha taifa kina mwaka niliozaliwa, kisome basi!

Mama Pacha:
Shikamoo mzee wangu. Umenichekesha na kuniliza.

Boda Mstaarabu:
Mimi langu fupi. Gari la wagonjwa lipo, mafuta hakuna. Nimeshabeba wenye uchungu wanne. Wa nne kamwita mtoto jina langu.

Mkorosho:
Tuseme la bima. CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii) tulilipa 30,000 kaya ya watu 6 kwa mwaka, hapo sina neno, ni nafuu. Mwanangu alikuwa na Toto Afya Kadi, bima ya watoto, 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 utaratibu ukabadilishwa, mtoto akawa hasajiliwi tena mmoja mmoja, ikabidi apitie shuleni. Wangu alikuwa na miaka miwili. Shule gani? Najua hoja yao, watu tunakata bima mtoto akishaugua, mfuko unakauka. Ni kweli, hata mimi nilifanya hivyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nadhani ndiyo njia. Ombi langu ni kuhusu muda wa kulipa: sisi wa korosho hela tunaishika kuanzia Oktoba. Ukinidai Machi unanidai wakati nadaiwa na duka.

Wa Nakuru:
Niaje majirani. Huku Kenya tangu Oktoba 2024 tuko SHA, bima ya afya ya serikali: wa mshahara anakatwa 2.75%, mama mboga anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Mama mboga huhesabu pesa yake jioni, si Desemba. Mimi ningetaka alipe kidogo kidogo vile analipa chama cha kuweka akiba. Hilo la msimu wa korosho ni lilelile, ndugu.

Mtoto wa Mama:
Nimemsomea mama yote haya leo jioni. Ya Mzee wa Reli kaniambia nirudie mara mbili. Kisha akauliza, "Na langu umeliandika?" Nikamwambia nimeandika habari ya karatasi. Akasema hiyo ni yangu mimi. Yeye anataka mabenchi yenye egemeo.