Msaada wa haraka: "borrow" kwa Kiingereza ina maana gani hasa?

Mwaloni_Kirumba: Wakuu habari za mchana. Mtu akiandika kwa Kiingereza "I borrowed you", hapo aliyetoa hela ni nani na aliyepokea ni nani? Naomba jibu la uhakika, nina haraka.

Mwl_Mstaafu: "Borrow" ni kuchukua cha mwenzako ukaja kurudisha. Anayetoa anatumia "lend", ikishapita ni "lent". Sentensi yako haijakaa sawa, kwa aliyekopa ilitakiwa "I borrowed from you". Tunaponzwa na kuazima: "niazime kalamu", "nimeazima kalamu", kitenzi hichohicho kinatoa na kinapokea. Darasani nimeombwa "teacher, borrow me a pen" mpaka nimestaafu.

Chinga_Makoroboi: Mwalimu, kwenye hesabu za kutoa mlitufundisha kukopa kumi kwa jirani. Mbona hatukuwahi kurudisha? Madeni ya nchi hii yalianzia pale.

MamaIgoma: Shemeji yangu aliazima cherehani "wiki moja tu mama". Mtoto wangu wa mgongoni wakati ule sasa anasoma, cherehani iko Magu. Ndugu hakopeshwi.

Sengerema_Mjini: Mleta mada, hayo maneno kaandika nani?

Mwaloni_Kirumba: Mimi. Kuna mteja wangu wa dagaa anatoka Kisumu, nilimkopesha laki nane. Nikamtumia WhatsApp kama kumbukumbu, "I borrowed you 800,000", akajibu "ok thanks". Leo namdai, ananirushia meseji yangu mwenyewe eti mimi ndiye niliyekopa.

Chinga_Makoroboi: Kirumba na Kisumu mnaandikiana Kiingereza? Kiswahili kimewakosea nini?

Mwaloni_Kirumba: Nilitaka ionekane rasmi.

Sengerema_Mjini: Ulimpa kwa simu au mkononi? Na hela ni ya kwako?

Mwaloni_Kirumba: Mkononi, tulikutana feri ya Kamanga.

Sengerema_Mjini: Swali la pili umeliruka.

Mwaloni_Kirumba: Ya kikoba. Mimi mweka hazina. Ila msinirukie, mgao ni Desemba, nimeshaongea na mtu wa riba, naziba kabla hawajajua. Pesa ingelala tu sandukuni, nikaona bora izae.

MamaIgoma: Izae! Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Ulifunguaje peke yako? Hii chai, tena ya rangi.

Chinga_Makoroboi: Mimi nilishachukua kitumbua 😂

Mwaloni_Kirumba: Mama, mwenye ufunguo mmoja alikuwa msibani, michango ya siku ile nikabaki nayo. Chai gani wakati silali?

Sengerema_Mjini: Chai au siyo chai, nijibu kama ni kweli. Meseji inapokelewa mahakamani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kwa hiyo usifute kitu. Hiyo "thanks" yake ishike: anayedai hashukuru kukumbushwa kwamba anadai. Waambie wanakikundi leo, na mtu wa riba achana naye.

Mwaloni_Kirumba: Wanakikundi hapana. Riba yenyewe siyo kubwa, na tumeshakubaliana.

Mwl_Mstaafu: Basi angalau mwandikie mdeni wako kwa Kiswahili, "nilikukopesha". Hapo hana pa kupenyea.

Mwaloni_Kirumba: Kiswahili atanidharau. Hiyo "lent" mwishoni ni t au d? Nataka nimtumie jioni hii.