Kaunti ya Kilifi ni moja, mgao wa serikali ni mmoja, halafu watoto wa Ganze waitwe wavivu?

Nimetoka kikaoni sasa hivi, viatu bado vina vumbi, na nikinyamaza leo nitapasuka.

Tuliitwa wazazi wa shule kadhaa za umma kusomewa matokeo ya mtihani wa pamoja. Afisa aliyekuja kama mgeni rasmi akafungua karatasi, akasoma shule moja moja kuanzia juu. Za mjini juu. Yetu ya pili kutoka mwisho. Akakunja karatasi, akatuuliza, "Wazazi wa huku, wenzenu wamewezaje?" Watu wakacheka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Wenzetu wana maji."

Mimi sisemi ya kusikia. Hadi mwaka jana wanangu walisoma shule ya umma Malindi mjini. Hoteli niliyokuwa nikifanya kazi ilipopunguza watu nikarudi nyumbani Ganze na watoto wawili, mmoja Gredi ya 5, mwingine Gredi ya 8. Kaunti ile ile, vitabu vile vile.

Kule kila muhula tulitoa shilingi 1,200 ya walimu wa bodi, wale wanaoajiriwa na shule yenyewe, mbali na hela ya chakula cha mchana na karatasi za mitihani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuiita karo. Iliitwa "makubaliano ya wazazi". Nililipa bila kubisha, kwa sababu niliona inakoenda: TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, ikileta walimu pungufu, bodi inaajiri wengine watano. Huku tulikubaliana 200 kwa muhula. Shule zilipofungwa mweka hazina alikuwa na 4,300, na humo ndani mlikuwa na bei ya jogoo wa mama mmoja mjane.

Sasa mtu aniambie hii hesabu ni ya haki. Serikali hutoa 1,420 kwa kila mtoto wa msingi kwa mwaka. Shule ya mjini yenye watoto 1,300 inapata 1,846,000. Yetu ina watoto 180 wa msingi, inapata 255,600, na hiyo ni ikija yote na kwa wakati, jambo ambalo kila mwalimu mkuu anajua halitokei. Lakini mlinzi wa usiku ni mmoja kule na mmoja huku. Mabati yakipeperushwa na upepo, fundi hapunguzi bei kwa sababu shule ni ndogo. Na maji kule yanatoka bombani. Huku tangi limetoboka, kila Jumatatu binti yangu anabeba mtungi wa lita 5 kichwani pamoja na mkoba wa vitabu.

Lililonikata maini ni la JSS, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9. Nilifungua daftari la binti la Sayansi Jumuishi, nikakuta ameandika: "Karatasi ya litmasi imegeuka kuwa nyekundu." Hiyo ni karatasi inayogeuka rangi ikiguswa na asidi. Nikafurahi, nikamuuliza waliitumbukiza kwenye nini. Akaniangalia kama mimi ndiye sijasoma. "Baba, mwalimu aliichora ubaoni, akatwambia sasa imegeuka." Chaki yenyewe nyeupe.

Simlaumu mwalimu huyo hata chembe. Yuko kwa mkataba, 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na peke yake anabeba Sayansi, Hisabati, Kilimo na michezo. Ila kumbukeni alama za tathmini ya shuleni, Gredi ya 7 na ya 8, ni asilimia 20 ya matokeo ya mtoto akimaliza Gredi ya 9. Hiyo litmasi ya chaki inamfuata mwanangu hadi anapopangiwa sekondari ya juu, akiwa kwenye foleni moja na yule wa mjini aliyeishika kwa mkono.

Ukiuliza, unarushwa kama mpira. Mwakilishi wa wadi anasema kaunti kazi yake ni chekechea na vyuo vya ufundi, na Katiba inamuunga mkono. Mbunge anasema yeye alishajenga darasa, walimu ni wa TSC. TSC nayo inasema bajeti. Uwanjani kwetu jengo la chekechea la kaunti limepakwa rangi ya samawati likapendeza, na hatua kumi tu kando yake Gredi ya 4 wanasoma darasa lisilo na mlango. Mbuzi huingia. Si mfano wa maneno, huingia kweli, na wamekula chati za ukutani.

Najua atakuja mtu hapa aseme kuna shule fulani ya Ganze iliwahi kupita za mjini. Ndiyo, ipo. Muulizeni nani alikuwa analisha wale watoto, kisha mtuletee jibu kamili.

Wakitaka kutulinganisha, watulinganishe. Lakini ile karatasi iwe na safu mbele ya alama: walimu wangapi wa TSC, maji yako umbali gani, wazazi wametoa shilingi ngapi. Walio Magarini, Bamba, Kaloleni, Rabai, na nyinyi wa mjini pia msijifiche, andikeni za shule zenu hapa chini bila kutaja jina la shule. Naanza mimi: msingi na JSS watoto 226, walimu wa TSC 6 pamoja na huyo wa mkataba, maji kilomita 4, michango 4,300.