Asilimia 5 ya Seyyid Said: alifanya biashara au alijifunga?

Mleta mada: Wakuu, kila mara nasikia kwamba mikataba ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, ndiyo iliyoitajirisha Zanzibar. Napinga. Septemba 21, 1833, Muscat, alitia saini na Edmund Roberts wa Marekani: Mmarekani aingie bandari yoyote, auze na kununua, alipe ushuru wa asilimia 5 ya mali anayoishusha, basi. Majora ya merikani, vitambaa vya pamba kutoka bandari ya Salem huko Marekani, yakapita forodhani kwa kiwango hicho, na Seyyid hawezi kukipandisha bila ridhaa ya Washington. Fedha ya ziada ataitoa wapi? Kwenye pembe za ndovu. Frasila (kipimo cha uzito) ya pembe ilitozwa kwa kuangalia ilikotoka, na ya Unyamwezi ndiyo iliyokamuliwa. Yaani mgeni kapata nafuu, mwenye msafara kalipa.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, pembe hiyo ingemfaa nini bila mnunuzi? Halafu Seyyid hakukaa forodhani kuhesabu majora. Forodha aliikodisha kwa Jairam Shivji, Mhindi wa Kachi, kwa kiasi maalumu kila mwaka. Hasara na faida ni za Jairam. Na soma mkataba wa Waingereza wa 1839: pembe na sandarusi (utomvu mkavu wa miti) za Mrima, yaani pwani ya bara, kuanzia Mtangata hadi Kilwa, Waingereza wasiguse. Huyo alijua anachokifanya.

Mleta mada: Alijua 1839. Miaka sita nyuma hakujua, kwa sababu mkataba wa Wamarekani hauna kifungu hicho, na konsuli wao alishafika Unguja tangu 1837 na karatasi inayosema bandari zote. Kuziba tundu baada ya maji kuingia ndiyo ujanja?

Mchangiaji wa pili: Nyie mmeng'ang'ania asilimia, mimi naangalia huko kukodisha. Aprili 1888 Seyyid Khalifa, Sultani wa Zanzibar wakati huo, aliwakodishia Wajerumani wa kampuni yao ya Afrika Mashariki forodha za Mrima. Kwenye makaratasi ni kama kwa Jairam tu, kampuni inakusanya kwa jina la Sultani. Agosti Zelewski, mtu wa kampuni hiyo, akafika Pangani kutweka bendera ya kampuni, na watu wakamkatalia. Jairam hakuwahi kuja na bendera.

Mleta mada: Hapo umenipata, Jairam sikumfikiria. Ila Khalifa angekuwa na uhuru wa kupanga ushuru wake mwenyewe, angekodisha?

Mchangiaji wa pili: Angekodisha. Manowari za Wajerumani zilishatia nanga mbele ya Unguja tangu Agosti 1885, enzi za Barghash, Sultani aliyemtangulia Khalifa.