Wauzaji wa misumeno ya mnyororo, acheni kuchezea roho za watu

Wakuu, nimechoka na hili sitalinyamazia. Nimenunua msumeno wa mnyororo mpya kabisa kwa ajili ya miti iliyooza shina, ambayo ikiachwa itaangukia nyumba. Kabla ya kugusa mti nikauweka chini, nikaukanyaga vizuri kwenye mshikio, nikauwasha, nikaacha injini ishike moto. Nikaminya mafuta hadi mwisho, kisha nikasukuma mbele ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo breki. Mnyororo ulipaswa kusimama papo hapo. Haukusimama! Ulipunguza mwendo taratibu kama feni iliyokatiwa umeme. Nikaachia mafuta, injini ikabaki inanguruma kidogo tu, mnyororo bado unatambaa.

Nikaurudisha. Muuzaji akanijibu hivi: "Mkuu, hiyo breki haina kazi, mafundi wengi huwa wanaing'oa."

Haina kazi? Ncha ya ubapa ule unaobeba mnyororo, hasa sehemu yake ya juu, ikigusa gogo au tawi lililojificha, msumeno unaruka juu na nyuma kuelekea usoni na shingoni kwako. Hakuna binadamu anayewahi kuachia mafuta kwa kasi hiyo. Kinachokuokoa ni breki. Na mnyororo kuzunguka wakati hujaminya mafuta maana yake sailensa, yaani mwendo wa injini usipominya mafuta, imepandishwa mno au springi za klachi zimekwisha. Kwenye mashine mpya! Halafu mtu huyohuyo anakusifia ukubwa wa injini na urefu wa ubapa, eti ndiyo ubora. Ubapa mrefu kuliko kazi yako unakuongezea uzito na ncha ya kugonga vitu usivyoviona, basi. Miti ya kawaida ya uani, sentimita 35 hadi 40 zinatosha.

Wa pili ninaowalalamikia ni wale washauri wa "mti umeshakufa huo, ni wa kusukuma tu". Hawa wataua watu.

Mti mzima unakutii kwa sababu ya bawaba. Unakata mdomo, yaani pengo la kabari, upande unaotaka uangukie, unakuja na mkato wa nyuma, na katikati unaacha ukanda wa mbao usiokatwa, wenye unene kama sehemu moja ya kumi ya upana wa shina. Shina la sentimita 40, bawaba ya sentimita 4. Ukanda huo ndio unaouongoza mti ukienda chini. Sasa niambieni, kama katikati mmeoza, bawaba inatoka wapi? Inakatika kabla ya wakati na mti unaangukia unakotaka wenyewe, pengine juu yako. Uingereza, ambako ugonjwa wa miti ya ash unaoletwa na kuvu Hymenoscyphus fraxineus ulithibitishwa mwaka 2012, wakataji wazoefu wanaikwepa kuipanda miti iliyoathirika sana, kwa sababu mbao zake zinakuwa dhaifu na zinavunjika ghafla.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha, tazama juu. Matawi makavu yanaanguka kwa mtikisiko tu, na kupigilia kabari kwa nguvu kwenye mti wa namna hiyo ni kujitakia. Tazama na chini, uyoga mgumu ulioota shinani mara nyingi ni dalili kwamba ndani kumeoza. Gonga shina kwa kisogo cha shoka pande zote, usikie panapolia utupu. Ukianza kukata, angalia vumbi: likigeuka kutoka vipande vyeupe vilivyo imara likawa unga wa kahawia, zima mashine. Hapo hakuna ujanja wa bawaba, waite wenye winchi, kamba na mashine za kunyanyua. Watu wengine wote wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti, na njia yako ya kukimbilia, kinyumenyume kwa mshazari, iwe imefyekwa tayari.

Ah, na msumeno uliokata mti mgonjwa usiupeleke moja kwa moja kwenye mti mzima. Toa vumbi lote, uache upoe, ufute kwa spiriti. Kuna magonjwa yanasafiri na vyuma.

Ninyi wauzaji, mteja akitaka kujaribu breki, mruhusuni. Muonyesheni kile kidude cha chini kinachodaka mnyororo ukikatika, na kile kinachozuia mafuta yasiminyike bila mkono kushika sawasawa. Mwambieni oili ya kuchanganya na petroli ni kiasi gani. Mashine nyingi ni 1:50, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, lakini kitabu cha mashine husika ndicho cha kufuatwa. Na kama hamna spea za breki na klachi, msiuze.

Mimi nadai hela yangu yote, sitaki kubadilishiwa mwingine wa aina ileile. Wenye misumeno mliyoitumia miaka na bado breki inashika na spea mnazipata, njooni mseme ni ipi, na mmebadilisha nini tangu mnunue.