Mifereji ya Manchester: ni ajali au kweli kuna mtu anasukuma watu?

Mgogo_wa_Nkuhungu ameandika:

Mbukwenyi wakuu.

Niko hapa Dom, kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa. Mdogo wangu kapata skolashipu ya masters kule Manchester Uingereza, anaondoka Septemba, viza tayari, bi mkubwa huko Kongwa alishaanza kulijaza begi, mlenda mkavu, unga wa uwele, ubuyu, vyote ndani. Sasa mtu katuma video kwenye grupu la familia (kila familia ina mjomba wa namna hii) inasema huko Manchester kuna mifereji inakatiza katikati ya mji na kila mara wanaopoa maiti za vijana wa kiume, na eti kuna muuaji wanamwita Pusher, yaani msukumaji, anawavizia usiku anawatumbukiza. Bi mkubwa kuiona tu kafungua begi katoa mlenda. Mtoto haendi.

Nikaingia gugo. Kumbe habari ilishika moto Januari 2015, gazeti moja la huko lilimnukuu profesa wa saikolojia kutoka Birmingham, Craig Jackson, hoja yake ni kwamba miili 61 ndani ya miaka sita ni mingi mno kusema yote ni ajali na kujiua. Polisi wa Greater Manchester wakakana na wanakana hadi leo, hakuna ushahidi wa muuaji. Sasa nimwamini nani? Na tusidanganyane, polisi wa nchi gani atajitokeza mwenyewe kusema jamani kuna mtu anaua miaka sita na hatujamuona?

Waliofika huko tupeni ukweli, nina mama wa kumjibu.

---

Ng'wana_Mwanza amejibu:

Mkuu kwanza naomba hilo neno msukumaji mlitumie taratibu, kesi tulizonazo zinatutosha.

Utani kando. Mimi nimekulia kando ya ziwa. Kijana akizama kwetu, hata kama wote tulimuona kilabuni tangu saa sita mchana, msibani hakuna atakayetamka pombe, wazee watasema chunusi, lile jini la majini, kamvuta na habari inaishia hapo, mama anapata pa kushikia. Naona wazungu nao wamejipatia chunusi wao, tofauti yake anakaa nchi kavu na anasukuma badala ya kuvuta.

---

Mnada_Msalato amejibu:

Nimekaa Manchester mwaka na nusu, niwaeleze palivyo, maana mkisikia mfereji mnawaza ule mtaro wa barabarani ambao mvua ikiisha unabaki na mchanga na chupa.

Ile ni njia ya mashua. Bridgewater ulianza kazi 1761 kubeba makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley kuleta mjini, halafu Rochdale ukakamilika 1804, na huo ndio unaopita katikati kabisa. Kuna mtaa unaitwa Canal Street, upande mmoja baa na klabu mfululizo, upande wa pili maji. Chini pembeni ya maji kuna njia ya miguu, zamani wakipita farasi wanaovuta mashua, sasa ni njia ya mkato ya kila mtu. Inapita chini ya madaraja ya magari, unainama, giza, mawe yana utelezi kwa mvua ya kule isiyoisha, na maji yako hapa hapa chini ya kiatu. Sehemu nyingi nilizopita mimi hapakuwa na reli wala ukuta, miaka ya karibuni ndio wameanza kuweka vizuizi sehemu kadhaa.

Sasa weka hapo Ijumaa saa tisa usiku, kijana katoka baa, kibofu kimejaa, vyoo vimefungwa. Anaenda wapi? Anaenda pembeni pa giza. Nimewaona kwa macho yangu wanaume wamepanga foleni kwenye ukingo wa maji wanayumba na zipu wazi. Kwanini maiti ni za kiume, jibu nusu liko hapo.

Kilichonishangaza ni kina. Sehemu nyingi maji ni ya kiunoni au kifuani, mtu mzima angesimama. Hilo ndilo linawapa nguvu watu wa Pusher, wanasema mtu hafi maji ya kifuani bila kusaidiwa.

---

Sista_wa_Zamu amejibu:

Anakufa mkuu, tena haraka. Mimi ni nesi, siko Uingereza niko hapa hapa Dodoma, ila mwili ni mwili.

Sisi maji tunayoyajua ni ya Hombolo, unaingia kama umeingia kwenye chai iliyopoa. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 ni habari nyingine. Ngozi ikiguswa ghafla na baridi ile unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, huwezi kuizuia, kama unavyoshtuka kumwagiwa maji ya mtungi usiku, halafu unahema mbio dakika moja mbili tatu. Kama ile pumzi ya kwanza kichwa kilikuwa chini ya maji basi umeshavuta maji. Mikono inafuata, vidole havishiki, na ukuta wa mfereji ni jiwe lililonyooka, Msalato atathibitisha. Pombe juu yake, jaketi zito, kiatu kimejaa maji. Kina cha kifuani kinamsaidia aliyesimama, huyu hajasimama.

Lingine ambalo video hazisemi: mapafu yanaweza kuonyesha kwamba marehemu alivuta maji, hayaonyeshi aliingiaje. Mkono mgongoni hauachi alama. Michubuko nayo ni shida, mwili ukikaa majini unaburuzwa chini, unagongwa na mashua, huwezi kuapa kipi kilitangulia. Kwahiyo yule ofisa wao wa kuchunguza vifo akikosa ushahidi wa kutosha anaandika hitimisho la wazi, maana yake tu hatujui aliingiaje, na mtaani likifika linasomwa "wanaficha kitu".

Halafu fikirieni, hapa Dom mvua za Januari korongo likishuka na mtu na bodaboda yake hakuna anayeuliza muuaji nani. Yale maji yanakuja yananguruma, kila mtu kamuona muuaji. Mfereji umetulia kama beseni. Ndio maana watu wanatafuta mkono.

---

Haambiliki amejibu:

Maneno mazuri sista ila mnasahau huo mji ni mji gani. Daktari Harold Shipman alikuwa Hyde, hapo hapo Greater Manchester. Alihukumiwa Januari 2000 kwa kuua wagonjwa 15, tume ya jaji Janet Smith ikaja kukuta wamefika 215, wengi bibi vizee, na vyeti vyote vilisema vifo vya kawaida. Na kabla ya hapo, Machi 1998, daktari wa jirani alipeleka wasiwasi kwamba wagonjwa wa huyu bwana wanakufa mno, polisi hao hao wakaangalia wakafunga faili, jamaa akaendelea kuua. Leo mnaniambia wamesema hakuna muuaji basi nilale?

---

Sista_wa_Zamu amejibu:

Hoja nzito, na nimeipenda kwasababu hesabu ndiyo iliyoanza kumshtaki Shipman. Ila haikumfunga hesabu. Alifungwa na wosia wa kughushi wa Kathleen Grundy, na miili ilipofukuliwa ikakutwa na sumu ya dawa ya maumivu. Kulikuwa na kitu cha kushika. Huku kwenye mfereji unashika nini?

Na hizo 61 zigawe kwa miaka sita, ni kama kumi kwa mwaka. Greater Manchester si kata, ni wilaya kumi, wakati ule watu kama milioni 2.7, na maji yapo kila kona. Humo kuna waliojiua, kuna walevi, na ndiyo, inawezekana kuna mmoja mmoja aliyesukumwa na kibaka au rafiki kwenye ugomvi, sikatai. Marekani nako wapelelezi wawili wastaafu wa New York, Gannon na Duarte, walitoka 2008 na nadharia kwamba vijana wa vyuo wanaozama wanauawa na genge linalochora uso wa tabasamu karibu na maji. FBI wakasema hawaoni ushahidi wa kuunganisha vifo hivyo. Ile michoro iko kila ukuta duniani, nenda hata stendi utaikuta.

---

Mtera_Bwawani amejibu:

Mimi sijui mambo ya maprofesa mimi nafanya biashara ya samaki Mtera. Kwetu mtu akizama wavuvi hawahangaiki sana siku ya kwanza, wanangoja siku ya tatu anaibuka mwenyewe, maji ni ya moto. Kwenye baridi kama hiyo mwili unaweza kukaa chini wiki na wiki, ukija kuibuka kamera zimeshafuta, waliokunywa naye hawakumbuki hata walivaa nini, simu imekufa. Hapo hata polisi mzuri anaanzia wapi? Hilo ndilo linanitisha kuliko huyo Pusher.

---

Haambiliki amejibu:

Kwahiyo Mtera unakubaliana na mimi. Kama muuaji yupo, pale ndipo mahali pazuri pa kufanyia kazi. Nimemaliza.

---

Mnada_Msalato amejibu:

Haambiliki jina umelipata kwa haki 😂. Mgogo mwambie dogo njia ya maji mchana apite, nzuri sana kuna hadi bata, usiku apande basi. Na kama wametoka kikundi wasimwache mmoja akajisaidie peke yake.

---

Mgogo_wa_Nkuhungu amejibu:

Asanteni wakuu. Jana nimeenda Kongwa, nimemsomea bi mkubwa huu uzi wote, hadi wa Haambiliki, sikuruka. Habari ya chunusi aliielewa haraka kuliko zote. Akanyamaza kidogo, akauliza swali moja tu, hao vijana walikuwa wamekunywa? Nikasema wengi nadhani. Akamgeukia dogo, wewe unakunywa? Dogo kasema hanywi.

Bi mkubwa akaniangalia mimi.

Mlenda umerudi kwenye begi. Uwele bado uko juu ya meza.