Naomba ushauri: bunju wangu wa tangi la maji ya bahari hataki kula

Mama Wawili, Mbezi Beach
Ndugu zangu, salaam. Nina bunju niliyempata miezi tisa iliyopita kwa mvuvi wa Kunduchi, ambaye alimkuta ndani ya dema, ule mtego wa samaki, na alikuwa karibu kumtupa mchangani, maana kila mtu wa pwani anajua kwamba samaki huyo haliwi. Mgongo wake ni wa kijivu wenye madoa meupe, na tumbo lake lina michirizi. Alipokuja alikuwa mdogo kuliko kiganja changu. Leo ana sentimita 19. Anaishi peke yake katika tangi la kioo la lita 250, lenye chujio na pampu ya hewa, na maji huletwa kwa madumu kutoka baharini.

Sasa ni wiki mbili hataki kula. Anakuja mbio akiniona, anakitazama chakula kwa makini, anakigonga kwa mdomo, kisha anakiacha kizame. Humlisha minofu ya changu na kamba waliomenywa. Muuza dawa mmoja amesema ni vimelea na amenipa dawa yenye shaba, ila sijaitia bado. Mchana maji hufika nyuzi 31, na yakipungua huongeza mengine ya bahari ili chumvi isipotee. Watoto wamemzoea, nami naumia kumwona akihangaika. Nifanye nini?

Fundi wa Matangi, Kinondoni
Dada yangu, nakuomba usiitie dawa hiyo. Bunju hana magamba kama ya changu, na shaba humdhuru upesi. Isitoshe, samaki anayekuja mbio kwenye chakula hajakosa hamu ya kula. Kinachomshinda ni kuuma. Mtazame mdomoni akiwa amekugeukia. Bunju ana meno manne yaliyoungana mfano wa mdomo wa kasuku, na meno hayo hayaachi kukua maisha yake yote. Baharini huyasaga kwa kuvunja kaa, chaza na konokono, lakini kwako amekula vilaini kwa miezi tisa.

Bi. Kigamboni
Mwanangu, mwenzangu amesema kweli kuhusu meno, lakini mimi nimeshtushwa na hayo maji unayoongeza. Joto linapoyapunguza maji, kinachoondoka ni maji matupu, na chumvi yote inabaki ndani ya tangi. Ukijazia maji ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi, kila wiki, bila kuona tofauti kwa macho. Pengo la maji yaliyokauka hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini. Maji ya bahari ni ya siku ya kubadilisha sehemu ya maji ya zamani. Pima leo. Kipimo cha chumvi, kinacholinganisha uzito wa maji hayo na wa maji matupu, kinapaswa kusoma kati ya 1.023 na 1.025, na kikizidi, shusha polepole kwa siku kadhaa, kwa sababu samaki aliyezoea chumvi nyingi hudhurika ukimbadilishia ghafla. Weka pia feni ndogo ipulize juu ya maji; itakupunguzia nyuzi mbili au tatu, ingawa maji yatakauka haraka zaidi.

Mama Wawili
Shikamoo Bi. Kigamboni, na ahsante Fundi. Nimepima: 1.031. Nimemtazama kwa tochi pia, na meno ya juu yameshuka hadi kufunika ya chini, kiasi kwamba mdomo haufunguki zaidi ya upana wa punje ya mchele. Je, nikimpa kaa sasa yatasagika?

Fundi wa Matangi
Hapana, yamekwisha pita kiasi, yanahitaji kukatwa. Mtafute daktari wa mifugo anayewajua samaki, amlaze kwa mafuta ya karafuu yaliyopimwa vizuri. Usijaribu mwenyewe, kwani kipimo kikizidi hataamka. Wakati wa kumhamisha, mkinge kwa bakuli chini ya maji. Akitolewa nje huvimba kwa kumeza hewa, na hewa hiyo pengine asiweze kuitoa.

Mzee wa Feri
Binti, nina mawili tu. Watoto wasitie vidole majini, kwani meno yanayovunja kaa hayashindwi na kidole. Na siku akifa mfukie, paka asimpate, kwa sababu sumu ya ini na ngozi haiishi kwa kupikwa wala haina dawa ya kuitegua. Halafu uelewe kwamba aina hiyo hufikia sentimita 50 hivi. Lita 250 hazitamtosha, na kumrudisha baharini baada ya kukaa tangini si salama, maana anaweza kupeleka maradhi kwa wenzake.

Mama Wawili
Nawaletea mrejesho baada ya siku kumi na moja. Daktari alimkata meno, kazi ya dakika chache, na chumvi imeshuka hadi 1.025. Jana jioni nilimpa mguu wa kaa wa Feri, nao aliugeuza mara mbili, akauuma, nikausikia ukivunjika kutoka upande wangu wa kioo. Fundi vioo anakuja Jumamosi kupima ukuta wa sebule kwa ajili ya tangi kubwa.