Simu imenipeleka juu ya lava na viti 200 vya watu

Wandugu wa Goma, leo sina salamu, nina hesabu. Tairi moja imepasuka, viti 14 vimevunjika miguu, dola 65 zimeenda kwa fundi, na familia ya bwana arusi inakataa kunimalizia nusu ya pesa kwa sababu hema lilisimama watu wakiwa wameshaanza kula. Wana haki. Na mimi nina hasira vilevile.

Kazi yangu ni kukodisha viti na mahema, depo iko Katindo. Jumamosi iliyopita sherehe ilikuwa Buhene, ndani kidogo, upande ule lava ya mlima Nyiragongo ilipopita 2021. Nikampigia mama mwenye sherehe kumuuliza njia kama tulivyozoea: karibu na kanisa gani, geti la rangi gani. Akacheka. "Papa, hayo ni ya zamani, nakutumia lokalizasyo." Akatuma. Shofere wangu, kijana wa miaka 22, akabandika simu mbele ya kioo, saa mbili asubuhi tukaondoka.

Mpaka Majengo hakuna shida. Kisha yule mwanamke wa ndani ya simu, na Kifaransa chake cha Paris, akasema tukate kulia. Nikamwambia kijana: hapa sipajui, twende na barabara kubwa. Akanionyesha kioo: "Boss, huku tunaokoa dakika sita." Dakika sita! Tukaingia. Njia ikaanza vizuri, mchanga mweusi, mbao za watu pande zote. Mbele kidogo mawe. Mbele tena ukuta. Si ukuta wa nyumba, ni lava yenyewe, imeganda na kunifika begani, na juu yake mtu ameanika nguo: mashuka mawili, vitenge, soksi za shule. Nikatazama simu. Kwenye simu barabara inaendelea, nyeupe, imenyooka kama rula, inapita chini ya yale mashuka.

Kurudi nyuma ndipo tairi ilipokwenda. Mnayajua mawe yetu, yanakata kama chupa. Tumebadilisha tairi, simu ikatafuta njia nyingine, ikatuzungusha kama nusu saa, ikatuleta kwenye lava ileile kutoka upande wa pili. Sasa zile soksi tunaziona kwa mgongo. Mzee mmoja wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, amebeba magunia ya makaa, akasimama kutucheka. "Nyinyi ni wa tatu wiki hii." Ndiye aliyetuongoza, anasukuma mbele na sisi nyuma yake mwendo wa maiti, na viti vinaangukiana huko nyuma.

Sasa msije hapa kuniambia eti simu yangu ni ya bei rahisi au mtandao ulikuwa mbaya. Setilaiti haikukosea hata kidogo. Zile za GPS ziko juu kilomita kama 20,200, hazikuoni, hazijui kama umebeba viti au jeneza. Zinatuma saa na mahali zilipo, basi. Simu ikishika nne, inapiga hesabu: uko hapa. Na penye anga wazi kama Buhene inakosea mita chache tu. Ile nukta ya bluu ilikuwa sawasawa, ilisimama palepale tuliposimama. Lakini kujua uko wapi ni kitu kimoja, kujua mbele yako kuna nini ni kitu kingine, na hicho cha pili hakitoki angani. Kinatoka kwa mtu aliyechora ramani, na huyo mtu hajakanyaga Buhene tangu mlima ulipotapika tarehe 22 Mei 2021. Miaka yote hiyo! Kuna kitufe cha kuripoti kosa, nimekibonyeza mara tatu na picha nikatuma. Jibu ni "asante kwa mchango wako". Leo asubuhi nimefungua tena. Barabara ipo.

Nije kwenye ramani ya Mzee, ambayo kijana wangu anaiita kitambaa cha meza.

Baba yangu aliendesha lori kati ya Goma, Masisi na Walikale enzi ambazo simu ilikuwa ya ofisini. Ana ramani ya mji, karatasi, sentimita moja ni mita mia, anaiweka ndani ya bomba la plastiki la fundi wa maji. Imechapwa zamani, kwa hiyo nayo kwa wino wake ni mwongo: haina lava ya 2002 wala ya 2021. Lakini baada ya tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani na kula kipande cha uwanja wa ndege, Mzee alichukua penseli nyekundu akatembea. Avenyu kwa avenyu. Iliyozikwa akaichora mistari ya mshazari, iliyofunguliwa tena juu ya mawe akaiandika tarehe pembeni. 2021 miguu ilikuwa imeshachoka, nikatembea mimi, nikirudi jioni yeye anachora. Nilipofika nyumbani Jumamosi na mafuta mikononi, nikaitandaza mezani. Ile njia ya dakika sita ina mistari ya mshazari. Mwandiko wa Mzee, mwezi wa saba 2021. Nilitaka kulia.

Kingine ambacho simu hainipi: mji mzima kwa jicho moja. Kwenye ile karatasi unaona ulimi mwekundu unashuka kutoka kaskazini, unaelewa kwa nini mtaa fulani unafikika upande mmoja tu. Simu inakuonyesha kiganja cha mji, ukipanua majina yanapotea, ukikaribia hujui tena mlima uko wapi. Na ile siku ya 27 Mei 2021, mitaa 10 kati ya 18 ilipoambiwa ihame na tukakimbilia Sake, simu yangu ilizima Mubambiro, vibanda vya kuchajia vimefungwa. Ila karatasi ilikuwa chini ya kiti.

Lawama zangu basi. Kwa wateja: tuma lokalizasyo, sawa, lakini taja na kanisa na geti, si kujishusha hadhi. Kwa mashofere: ukiona njia imebana mpaka bampa yako inakaribia mlango wa mtu, simama uulize, huyo mwanamke wa Paris hatalipa tairi. Kwa wanaotengeneza hizo programu: kama hamwezi kuja, angalau someni picha tunazowatumia. Kwa wakubwa wa mji: hata kibao cha jina la avenyu ni cha kuombea? Robo ya mji tunaelekezana kwa maduka ambayo yalishafungwa.

Najua mtaniambia kuna OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kurekebisha mwenyewe. Nimekubali, mpwa wangu ameanza kuingiza mistari ya Mzee usiku usiku, akipata mega za intaneti. Ila programu aliyonayo shofere wangu si hiyo, na wageni wa arusi nao hawaitumii.

Jumamosi tuna matanga Mugunga, viti 150. Kijana nimempa penseli.

Na anayejua, tafadhali: nani hapa Goma ana mashine ya kutoa kopi ya karatasi kubwa kama meza? Ile ya Mzee imechanika kwenye mkunjo, katikati kabisa ya Birere. Nilikuwa mimi, kwa hasira ya Jumamosi, na bado sijamwambia.